Kwa nini oili ya ndege hupata homa

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kwamba tutaendelea na masomo yetu ya hifadhidata, lakini leo mniwie radhi, kuna jambo jingine ambalo limekuwa likiniwasha kwa muda mrefu. Si jambo la kompyuta moja kwa moja, ingawa mtaona baadaye kwamba kompyuta imo ndani, na tena ndiyo iliyoniaibisha. Leo tutazungumza kuhusu joto katika mitambo ya haidroliki ya ndege.

Usikimbie! Mimi mwenyewe si fundi wa ndege. Ni mwandishi wa programu tu kama wengi wenu. Yaliyomo humu nilifundishwa na mzee mmoja nikiwa nimesimama kando yake, mikono imejaa oili, na nikiwa nimefanya kosa ambalo mpaka leo likinijia usiku usingizi unapaa.

Jambo moja kabla hatujaanza. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, kile kinachochomwa ndani ya injini tunakiita mafuta, na kile kinacholainisha mashine pia tunakiita mafuta. Tukifanya hivyo hapa tutachanganyikiwa. Kwa hivyo leo "mafuta" ni yale ya kuchomwa, na "oili" ni ile inayozunguka katika mfumo wa haidroliki. Tumekubaliana? Haya.

Ndege kubwa ikiwa kasi angani, hewa inayasukuma mabapa yake ya kuongozea kwa nguvu ambayo mkono wa binadamu hauwezi kushindana nayo. Kwa hivyo kuna pampu inayosukuma oili kwa presha kubwa, oili inaingia kwenye silinda, inasukuma pistoni, na pistoni inasukuma bapa. Silinda hiyo pamoja na pistoni yake ndiyo inaitwa aktueta. Aktueta nyingine hushusha magurudumu, nyingine hufungua milango ya magurudumu, na kadhalika. Katika ndege nyingi za abiria presha hiyo ni psi 3,000, yaani paundi 3,000 kwa kila inchi mraba. Tairi la gari dogo lina kama psi 30. Piga hesabu mwenyewe, ni mara mia moja.

Sasa hadithi yenyewe. Mwaka 2017 nilipata kibarua katika karakana moja ndogo hapa Nairobi ambayo ilikuwa ikikarabati na kupima aktueta za ndege ndogo za abiria. Walikuwa na meza ya kupimia: tangi la oili la lita 100, pampu moja, mabomba, geji na valvu. Aktueta inafungwa pale, inapewa presha kamili kwa dakika tano, halafu fundi anatazama ni oili kiasi gani inavuja ndani kwa ndani kupita sili za pistoni. Ikizidi kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha ukarabati, aktueta imefeli. Isipozidi, imepita. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha vipimo vyote na laptopu, kuandika programu ya kuvisoma, kuvihifadhi, na kuchapisha cheti.

Niliimaliza kazi hiyo kwa wiki tatu nikajiona bingwa. Programu ilikuwa na rangi nzuri, grafu zikitambaa kwenye skrini, na kengele. Kengele ilikuwa inalia oili ya tangini ikizidi nyuzijoto 65.

Shida ni kwamba kengele ililia kila siku. Asubuhi palikuwa kimya. Kufikia saa nne, kelele. Baada ya chamcha ndiyo ilikuwa haikamatiki, oili iko nyuzijoto 75 mpaka 78, na mafundi wanalazimika kuzima pampu na kukaa nje wakipiga gumzo wakisubiri ipoe. Mwenye karakana hakufurahi. Wateja wanasubiri vifaa vyao, na ndege ikikaa chini haileti pesa. Akaniita ofisini akaniambia, "Kijana, hiyo kengele yako inanifilisi. Itoe."

Nikaitoa. Ilinichukua dakika moja, mstari mmoja tu wa programu. Sikumwuliza swali hata moja, na wala sikujiuliza mwenyewe kwa nini mtu aliweka ile namba 65 hapo awali. Wenzangu tunaofanya kazi hii, semeni kweli, ni mara ngapi tumefanya hivyo? Onyo linasumbua, basi tunalinyamazisha, na tunahesabu kwamba tumetatua tatizo.

Palikuwa na fundi mmoja mkongwe, mtu wa Mombasa, ambaye kila mtu alimwita Mzee. Siku ya pili alifika mezani, akatazama skrini yangu, akatazama geji, akaniuliza, "Mwanangu, kengele imekwenda wapi?"

Nikamjibu, "Mzee, imezimwa. Ilikuwa inasumbua."

Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Njoo uguse." Akanishika kiganja akakiweka kwenye bomba linalotoka kwenye pampu. Lilikuwa na joto, lakini la kuvumilika. Kisha akakihamisha hadi bomba linalotoka kwenye valvu ya usalama kurudi tangini. Nilivuta mkono haraka.

"Umeona? Oili ni ile ile," akasema. "Hapa haijapita kwenye valvu, na hapa imeshapita. Hilo joto limetoka wapi?"

Sikujua. Nilidhani joto linatoka kwenye mota ya stima, au labda jua lilikuwa linapiga paa la mabati. Ndipo akanieleza, na mimi nikaenda nyumbani kuthibitisha kwa kalamu na karatasi.

Pampu ile ilikuwa ya aina rahisi. Ikizunguka, inatoa lita 20 kwa dakika, upende usipende. Aktueta ikiwa imefungwa na pistoni imesimama, haina haja ya oili yoyote. Sasa zile lita 20 ziende wapi? Zinalazimisha valvu ya usalama ifunguke, zinapita kwenye tundu dogo kwa presha kamili ya psi 3,000, halafu zinarudi tangini zikiwa hazina presha hata kidogo. Presha ile ilikuwa ni nguvu iliyotoka kwenye mota. Kama ingesukuma pistoni ikainua kitu, ingekuwa kazi. Haikuinua kitu, kwa hivyo ikageuka joto papo hapo, yote, bila kubakisha hata senti.

Tukiliweka kwa hesabu: lita moja kwa dakika, ikidondoka kutoka psi 3,000 hadi sifuri bila kufanya kazi, inatoa wati 345 za joto. Lita 20 ni wati 6,900. Ile shawa ya maji moto ya stima ambayo wengi tunayo bafuni hula kama wati 5,000. Kwa maneno mengine, tulikuwa tumezamisha ndani ya tangi la lita 100 kitu chenye nguvu kuliko shawa, tukakiacha kikiwaka kutwa nzima, halafu tukashangaa oili inachemka! Kila oili inapopita kwenye lile tundu inapanda kama nyuzi 12 au 13. Tangi zima linapanda nyuzi mbili na nusu kwa kila dakika, kama hatuhesabu joto linalopotea hewani.

Mimi kwa ujuaji wangu nikatoa pendekezo hapo hapo. "Mzee, tununue rejeta kubwa zaidi na feni mbili."

Akacheka. "Ukirudi nyumbani ukute maji yamejaa sakafuni, utanunua ndoo kubwa au utafunga mfereji?"

Lakini jambo lililonitoa jasho halikuwa hilo. Mzee aliendelea kuongea, kwa utulivu tu, huku akifuta mikono. Akasema kwamba oili ikipata joto inakuwa nyepesi, na oili nyepesi inapenya pahali ambapo oili nzito haipenyi. Oili nyekundu ya madini tuliyokuwa tukitumia pale, ikitoka nyuzi 40 ikafika nyuzi 100, uzito wake wa kutiririka unabaki zaidi kidogo ya theluthi moja. Kwa sababu hiyo kitabu cha ukarabati kilitaka oili iwe kati ya nyuzi 40 na 55 wakati wa kupima. Mafundi wa zamani walikuwa wanatazama kipimajoto wenyewe kabla ya kuandika matokeo. Tangu programu yangu ifike waliacha kutazama. Kompyuta inajua, si ndiyo?

Kompyuta haikujua. Programu yangu ilikuwa inasoma halijoto, inaichora kwenye grafu kwa rangi ya machungwa, inaihifadhi, lakini haikuitumia popote katika kuamua kupita au kufeli. Ilikuwa inatazama uvujaji peke yake.

Nikafungua kumbukumbu zote za wiki zile. Aktueta zilizopimwa alasiri, oili ikiwa na joto kupita kiasi, zilikuwa zinafeli kwa wingi. Mbili kati ya hizo huenda zilikuwa nzima kabisa, na wenyewe walikuwa tayari wameambiwa watafute nyingine kwa bei ya kutisha. Hiyo ilikuwa hasara ya pesa. Upande wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Ilikuwa Julai, na mnaijua Julai ya Nairobi. Saa mbili asubuhi oili ilikuwa nyuzijoto 18, nzito kama uji. Aktueta nne zilikuwa zimepimwa asubuhi namna hiyo, na zote nne zilikuwa zimepita. Sili iliyochoka inaweza kuzuia oili nzito vizuri sana. Ikipata moto, inaachilia.

Tatu kati ya hizo nne zilikuwa bado stoo. Ya nne ilikuwa imechukuliwa siku mbili nyuma, ikiwa na cheti kilichochapishwa na programu yangu.

Nilienda kwa mwenye karakana nikamweleza. Nilitarajia kufukuzwa. Alinyamaza, akaangalia karatasi, akachukua simu akampigia mteja na kumwambia neno moja tu, "Msiifunge." Kisha tukangoja. Mteja alisema atauliza hangani kisha apige. Ilichukua kama saa moja. Sitaki kuwadanganya, ile saa moja ndiyo iliyonifundisha maana ya kazi yangu kuliko miaka minne ya chuo. Nilikuwa naona magurudumu yasiyoshuka. Nilikuwa naona watu ambao siwajui, wamefunga mikanda, wanasoma gazeti.

Simu ikalia. Ilikuwa bado ndani ya sanduku lake.

Tuliipima upya zote nne, oili ikiwa nyuzi 45. Tatu zilipita, na ile iliyokuwa imeondoka ilikuwa miongoni mwa hizo tatu. Moja ya zile za stoo ilifeli. Mzee aliifungua akanionyesha sili: ilikuwa na mkato mdogo kama wa wembe, ambao ungeupitisha kidole usiusikie. Zile mbili za alasiri nazo zilirudiwa, zikapita.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kufunga mfereji. Nilirudi kwenye kumbukumbu nikahesabu muda. Katika siku moja pampu ilikuwa inazunguka saa sita kwa presha kamili. Muda ambao kweli kuna aktueta inapimwa ulikuwa dakika 40 tu! Saa tano na ushei zilizobaki, fundi anafunga mabomba, anaandika, anatafuta spana, na pampu inapiga kelele ikipasha oili moto bure. Hakuna aliyeizima kwa sababu kuiwasha upya kila mara ni usumbufu.

Dawa ilikuwa valvu moja inayoendeshwa kwa stima, iliyofungwa karibu na pampu. Kipimo kikiisha, programu yangu inaifungua, na zile lita 20 zinarudi tangini kwa njia pana kwa psi 150 tu badala ya 3,000. Pampu haizimwi, lakini haisukumi ukuta. Joto linashuka kutoka wati 6,900 hadi wati 345. Fundi akibonyeza "pima", valvu inajifunga na presha inapanda. Kama oili iko chini ya nyuzi 40 au juu ya 55, programu inakataa kuanza, na mwenye karakana mwenyewe hana nywila ya kubadilisha hilo. Asubuhi tunaiacha oili ipite kwenye valvu ya usalama kwa dakika kama tisa ili ipate joto linalohitajika. Kwa hivyo joto lile lile tulilokuwa tukililaani lilipata kazi. Rejeta ya zamani, ile ndogo, ikatosha.

Na kompyuta je? Niliahidi aibu. Siku tuliyomaliza, Mzee aliweka kiganja chake juu ya laptopu yangu, kama alivyoweka changu kwenye bomba. Feni ilikuwa inavuma kama nyuki. Akaniuliza, "Na hii yako mbona ina homa? Inafanya kazi gani nzito?"

Jibu la kweli ni kwamba haikuwa inafanya kazi yoyote. Kipimo kilikuwa kinatuma data mara kumi kwa sekunde. Programu yangu badala ya kungoja ilikuwa inazunguka bila kupumzika ikiuliza, data imefika? data imefika? data imefika? Maelfu kwa maelfu ya maswali kwa kila jibu moja. Prosesa ilikuwa asilimia 100, na stima yote hiyo ilikuwa inageuka joto, sawasawa na oili kwenye valvu ya usalama. Nilibadilisha mistari michache: lala, na data ikifika uamshwe. Feni ikanyamaza. Mzee hakusema kitu, aliinua nyusi tu.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia wenye ndege zenyewe hufanya nini, maana wao hawana nafasi ya kutoka nje kupiga gumzo oili ikipoa. Mambo niliyoyakuta yamenifurahisha, na baadhi yamenitisha kidogo.

Kwanza, pampu. Katika ndege za abiria pampu kuu haifanani na ile yetu. Ndani yake kuna pistoni ndogo ndogo zinazoegemea sahani iliyoinama. Presha ikifika kiwango chake na hakuna anayehitaji oili, sahani inajinyoosha, pistoni zinaacha kwenda mbali, na pampu inazunguka bila kutoa karibu chochote. Huo ni mfereji unaojifunga wenyewe. Lakini haujifungi kabisa. Kiasi fulani cha oili huvuja ndani ya pampu ili kuilainisha, na valvu za aktueta nazo huvuja kidogo muda wote hata zikiwa zimetulia. Kumbuka, kila lita kwa dakika ni wati 345. Na ukiiacha oili ipate joto inakuwa nyepesi, ikiwa nyepesi inavuja zaidi, ikivuja zaidi inapata joto zaidi. Mduara mbaya huo.

Pili, pahali pa kutupia joto. Katika Boeing 737, oili inayovuja ndani ya pampu hurudishwa kupitia mabomba yaliyozamishwa ndani ya matangi ya mafuta kwenye mabawa. Mafuta ndiyo rejeta! Ndiyo maana marubani wa 737 za kizazi cha NG wana sheria hii: ndege ikiwa chini, usiwashe pampu ya haidroliki ya stima kama tangi husika halina angalau kilo 760 za mafuta. Mtu akiisoma bila maelezo atashangaa, mafuta ya injini na pampu ya stima vinahusianaje? Sasa wewe unajua. Hata Concorde ilitumia mafuta yake kubeba joto. Na mwaka 2014 kambi ya jeshi la anga ya Luke, kule jangwani Arizona, ilipaka magari yake ya kubebea mafuta rangi nyeupe ili mafuta ya ndege za F-35 yasiingie tangini yakiwa tayari na joto. Rejeta iliyo moto haipozi kitu.

Tatu, kwa nini wanajali hivyo. Oili ya ndege nyingi za abiria si ile nyekundu, ni ya zambarau, ya jamii inayojulikana kwa jina kama Skydrol, na sifa yake ni kwamba haishiki moto kirahisi. Lakini joto likizidi, hasa ikiwa imenyonya unyevu, inavunjika na kutengeneza asidi inayokula vyuma na sili. Na halafu kuna nafasi zenyewe. Ndani ya valvu inayoongoza aktueta, chuma kinateleza ndani ya chuma kwa nafasi ya mikroni chache tu. Unywele wako una kama mikroni 70. Chuma kimoja kikipata joto na kutanuka kabla ya mwenzake, nafasi hiyo inaweza kutoweka.

Hilo si nadharia tupu. Tarehe 8 Septemba 1994, Boeing 737 ya USAir, safari namba 427, ilianguka karibu na Pittsburgh na watu wote 132 wakafa. Mwaka 1996 wachunguzi walichukua kifaa kinachoongoza usukani wa mkiani, wakakigandisha kwa baridi kali, kisha wakakiingizia oili ya moto ghafla. Valvu ikakwama. Walipochambua data ya jaribio lile wakagundua jambo ambalo hawakulitarajia: sehemu moja ya valvu ikikwama pahali fulani, usukani ungeweza kwenda upande wa kinyume na ule anaoutaka rubani. Hali ya jaribio ilikuwa kali kuliko ya safari ya kawaida, na ripoti ya bodi ya usalama NTSB ya mwaka 1999 haikusema kwamba joto ndilo lililoangusha ndege. Ilisema kuna uwezekano mkubwa kwamba valvu ilikwama. Lakini ilikuwa ni tofauti ya joto iliyofichua udhaifu uliokuwa umejificha kwa miaka mingi, na mwaka 2002 mamlaka ya FAA ya Marekani iliagiza mfumo ule wa usukani ubadilishwe. Nilipoisoma habari hii nilikumbuka ile sili yenye mkato mdogo.

Nne, njia mpya. Wahandisi walijiuliza, kwa nini tuzungushe oili yenye presha ndege nzima, saa zote, ikingoja rubani aguse kitu? Wakatengeneza aktueta inayojitegemea: ina oili yake kidogo, pampu yake ndogo na mota yake ya stima. Bapa likitakiwa kusogea, mota inazunguka. Lisipotakiwa, mota inakaribia kusimama. Hakuna tundu la kupotezea presha. F-35 inazitumia kuendesha mabapa yake makuu. Airbus A380, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2007, inazo kama akiba ya mifumo yake miwili ya kawaida ya haidroliki. Boeing 787, ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea mwaka 2014, bado zina haidroliki, tena ya psi 5,000, lakini breki zake ni za stima.

Basi joto limekwisha? La. Aktueta inayojitegemea haina oili inayosafiri kwenda kupozwa kwingine. Joto lolote inalotengeneza linabaki pale pale, ndani ya bawa jembamba, pamoja na mota na saketi zake. Na ikilazimika kushikilia bapa dhidi ya upepo kwa muda mrefu, mota inakula stima bila kusogeza kitu, na stima hiyo yote ni joto. Umepunguza joto la jumla sana, lakini lililobaki umelihamishia kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha.

Tangu nitoke karakana ile nina tabia moja ambayo wenzangu ofisini wanaicheka. Seva ikipata moto, au bili ya stima ikipanda, au simu ikichoma mfukoni, siulizi kwanza tutaipozaje. Nauliza, hii nguvu inafanya kazi gani? Mara nyingi jibu ni kwamba haifanyi kazi yoyote, inangoja tu kwa presha kamili. Na tabia ya pili, ambayo hawaicheki: mtu akiniambia nizime onyo, nakaa naye kwanza nijue nani aliliweka na kwa nini.

Mzee alistaafu akarudi Mombasa. Huniandikia ujumbe mara moja moja, na swali lake ni lile lile, kengele ingali inafanya kazi? Inafanya, Mzee. Ililia mara mbili tu mwaka wa kwanza, na mara zote mbili ilikuwa na sababu.

Haya basi, nimewachosha. Kama wewe ni fundi wa ndege na nimekosea mahali, nisahihishe, sitakasirika. Wakati mwingine tutarudi kwenye hifadhidata zetu, naahidi. Kwa sasa, gusa laptopu yako. Ina homa?